Kipepeo Adimu Atadumu? Namna ya Kukadiria Uhai Wake Katika Misitu Iliyomegeka

Vilima vya Taita, kusini mwa Kenya, vina vipepeo wasiopatikana penginepo duniani. Cymothoe teita ni mmoja wao. Mwingine ni nususpishi Papilio desmondi teita. Msitu wa asili wanaoutegemea umebaki vipande vipande: Mbololo wenye takriban hekta 200, Ngangao wenye hekta 120 hivi, Chawia usiofika hekta 100, kisha vipande vya hekta chache chache vilivyosalia vileleni na makorongoni. Katikati yake ni mahindi, maharage, nyumba za watu, misonobari na mikaratusi.

Anayetunza msitu wa namna hii, awe Taita, Usambara Mashariki huko Tanzania au kwenye kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) za pwani, huulizwa maswali mawili. Vipepeo hawa watakuwepo miaka 50 ijayo? Na kile kipande kidogo kando ya barabara kikifyekwa, hasara ni ipi hasa? Yote mawili yanajibika kwa namba. Kinachohitajika ni ramani sahihi, misimu miwili au mitatu ya kazi msituni, na kompyuta ya kawaida yenye programu mbili za bure: QGIS kwa ramani na R kwa hesabu.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili. Kipepeo wa vipande vidogo hufa kwenye kipande kimoja kila mara: mwaka mbaya wa mvua, nyigu wanaotaga ndani ya viwavi, au bahati mbaya tu ya kuwa wachache. Kufa huko si msiba iwapo kipande jirani kinapeleka wengine kukikalia upya. Richard Levins aliliandika wazo hilo kihesabu mwaka 1969, na Ilkka Hanski wa Ufini akalipatia mwaka 1994 muundo unaoweza kulishwa data halisi za msituni. Muundo huo ndio tunaoutumia hapa. Ulifanyiwa kazi sana kwa Melitaea cinxia, kipepeo wa visiwa vya Åland huko Ufini, ambako tangu mwaka 1993 maelfu ya vijishamba vya majani hukaguliwa kila mwaka mwishoni mwa majira ya joto. Vingi vya vijishamba hivyo huwa vitupu. Kila mwaka baadhi ya vilivyokaliwa huwa vitupu na baadhi ya vitupu hukaliwa, na bado kipepeo yupo. Kwa hiyo kinachopimwa ni mtandao mzima wa vipande, na kipande kitupu kinastahili kukaguliwa sawa na kipande chenye vipepeo.

Hatua ya 1: Anza na kiwavi

Kipepeo mzima huruka popote penye maua, hata uani kwa mtu. Makazi yake ya kweli ni pale kiwavi anapopata chakula. Viwavi wa Cymothoe teita hula Rawsonia lucida, mti mdogo wa kivulini. Wale wa Papilio desmondi hula mimea ya jamii ya michungwa inayoota msituni. Basi kipande cha miti ya asili kisicho na Rawsonia si makazi ya Cymothoe, hata kiwe kizuri namna gani machoni.

Pima ubora wa kila kipande kwa viwanja vya mita 10 kwa 10. Viwanja 5 vinatosha kipande kisichozidi hekta 2. Kwa kikubwa zaidi weka 15 hadi 20, vikitawanywa kwa bahati nasibu na wala si kando ya njia. Katika kila kiwanja hesabu mimea inayoliwa na kiwavi, andika urefu wake kwa makundi matatu (chini ya mita 1, mita 1 hadi 3, zaidi ya mita 3), na kadiria kivuli kwa asilimia. Makundi ya urefu yana kazi: msitu wenye miti mikubwa tu bila miche una chakula leo lakini hautakuwa nacho baadaye, na mara nyingi sababu ni mbuzi au ukataji wa fito.

Usiidharau hatua hii ukakimbilia ramani. Uingereza ilimpoteza Phengaris arion mwaka 1979 ingawa baadhi ya maeneo yake yalikuwa yamehifadhiwa na hata kuzungushiwa uzio. Kiwavi wa kipepeo huyo humalizia ukuaji wake ndani ya kichuguu cha sisimizi Myrmica sabuleti, na sisimizi hao huhitaji nyasi fupi na udongo unaopigwa jua. Mifugo ilipozuiwa, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakapungua na kipepeo akaenda nao. Eneo halikupungua hata hatua moja. Kilichopungua ni ubora. Muundo unaotumia ukubwa na umbali peke yake usingeona chochote.

Hatua ya 2: Chora vipande vyote, vitupu vikiwemo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu huchora misitu ambayo kipepeo ameonekana, akaacha mingine kwa sababu "haina kitu". Bila vipande vitupu hakuna cha kulinganisha, na hesabu nzima inaanguka.

Tumia picha za satelaiti za karibuni kuchora mipaka, kisha nenda kwa miguu ukaihakiki kwa GPS. Kutoka juu, msitu wa asili na shamba la zamani la miti ya kupandwa vinaweza kufanana sana. Weka ramani katika mfumo wa UTM, ambao kwa Taita ni kanda ya 37 Kusini, ili umbali utoke kwa mita na si kwa digrii. Kwa kila kipande rekodi namba yake, eneo kwa hekta, kitovu chake, idadi ya mimea ya kiwavi kwa hekta, na kinachokizunguka.

Lini vipande viwili vihesabiwe kuwa kimoja? Kanuni inayofaa: kama kipepeo anavuka pengo hilo mara nyingi katika siku moja, hicho ni kipande kimoja. Kwa kipepeo wa msituni asiyependa jua kali, barabara ya gari ya mita 8 haigawi msitu, bali shamba la mahindi la mita 200 hugawa. Andika kanuni yako na uitumie vilevile kila mahali.

Ramani ipite eneo unalolitaka. Ukiikata kwenye mpaka wa kata, vipande vya pembeni vitaonekana vimetengwa kumbe vina majirani ng'ambo. Ongeza ukanda wa nje wenye upana wa angalau mara tatu ya wastani wa safari ya kipepeo wako.

Kosa dogo la eneo halisumbui. Hesabu hutumia logi ya eneo, kwa hiyo hekta 110 badala ya 120 haibadilishi jibu. Hekta 0.5 badala ya 1.5 ndiyo hubadilisha, basi tumia muda wako kwenye vipande vidogo.

Hatua ya 3: Kagua hadi uwe na haki ya kuandika sifuri

Kwenda mara moja bila kumwona kipepeo si ushahidi kwamba hayupo. Tuseme yupo, na kila ziara una uwezekano wa 0.4 wa kumwona. Ziara moja itamkosa kwa uwezekano wa 0.6, ziara 3 kwa 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani 0.22, ziara 6 kwa 0.05 hivi. Huo 0.4 unaupata kwa kuvitembelea mara nyingi vipande ambavyo una hakika vimekaliwa, kisha kugawa ziara alizoonekana kwa ziara zote. Ukishaujua, ndipo unapanga idadi ya ziara. Lengo ni kosa lisilozidi 0.05.

Namna ya kutafuta inategemea kipepeo. Vipepeo wa matunda, kama Charaxes na Cymothoe, huja kwenye mtego wa ndizi. Ponda ndizi zilizoiva sana, changanya na sukari guru kidogo, funika kwa siku 2 au 3 hadi zichachuke, weka vijiko vinne vya mezani kwenye sahani ya mtego. Mtego wenyewe ni wavu wa umbo la pipa, kipenyo cha sentimita 30 hadi 35 na urefu wa sentimita 80 hadi 100, umefungwa juu, na sahani yake inaning'inia sentimita 4 hivi chini ya mdomo wa wavu. Kipepeo huingia kwa chini, na akishiba huruka kuelekea juu asitoke. Tundika mingine mita 1.5 kutoka ardhini na mingine juu kwenye matawi, kwa kuwa spishi za vileleni hazishuki. Paka grisi kwenye kamba, la sivyo siafu watafika kabla yako. Fungua mitego kila baada ya saa 24.

Papilio hawaji kwenye ndizi. Hao watafute kwa kutembea polepole kwenye njia maalumu, ukihesabu walio ndani ya mita 2.5 kila upande wako, na kwa kukagua majani machanga ya mimea yao ukitafuta mayai na viwavi. Kwa spishi nyingi adimu kutafuta viwavi kunashinda kutafuta vipepeo wazima: kiwavi haruki, na akiwepo unajua wanazaliana hapo na si mgeni anayepita. Kazi ya Åland iliwezekana kwa sababu viwavi huishi kwa makundi ndani ya kiota cha hariri kinachoonekana kwa macho.

Tembea kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwaka. Kwenye misitu ya ukungu subiri ukungu utoke. Ziara iliyofanyika kwenye mawingu mazito usiihesabu. Msimu mzuri ni wiki chache baada ya mvua kukolea, za masika au za vuli, kwa kuwa majani machanga yapo. Chagua msimu mmoja uurudie kila mwaka. Vipepeo wa kwetu huzaa vizazi kadhaa kwa mwaka, na kulinganisha Mei ya mwaka huu na Septemba ya mwaka ujao hakuna maana.

Kwenye jedwali tumia alama tatu tofauti: 1 kwa aliyeonekana, 0 kwa aliyetafutwa kwa ziara za kutosha asionekane, na nukta kwa kipande kisichokaguliwa vya kutosha. Anayeandika 0 mahali pa nukta anaongeza vifo ambavyo havikutokea.

Vibali pia. Kenya, kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI. Tanzania ni COSTECH, na kwa wanyamapori TAWIRI. Kwenye kaya, ruhusa ya wazee huja kabla ya yote, na kuna sehemu ambazo hazikanyagwi. Ziandike kama nukta.

Hatua ya 4: Pima anasafiri umbali gani

Namba inayotafutwa huitwa α. Ukigawa 1 kwa α unapata wastani wa safari: α ya 1 kwa kilomita ina maana ya wastani wa kilomita 1, α ya 2 ni nusu kilomita.

Njia ya moja kwa moja ni kuweka alama. Mkamate kwa wavu, mshike kifuani mabawa yakiwa yamefungwa, andika namba chini ya bawa la nyuma kwa kalamu nyembamba ya wino usiofutika, mwachie palepale ulipomkamata. Chini ya bawa ni muhimu: akitua na kufunga mabawa, namba husomeka bila kumkamata tena. Ukishapata wanaorudi wasiopungua 50, panga umbali waliosafiri, tafuta sehemu ya wale waliofika au kupita kila umbali, chukua logi asilia ya sehemu hiyo na uichore dhidi ya umbali. Mteremko wa mstari ni α yenye alama ya kutoa.

Njia hii hupunguza ukweli, tena siku zote kwa upande mmoja. Ukiweka mitego ndani ya eneo la kilomita 2, hutaona safari ya kilomita 5 kamwe. Kwa hiyo α iliyopimwa hivi ichukuliwe kuwa kikomo cha juu. Kama huna data za alama kabisa, fanya hesabu ya hatua ya 6 kwa α za 0.5, 1, 2 na 4, uone ipi inalingana vizuri zaidi na vipande vilivyokaliwa.

Umbali wenyewe nao uutazame. Kilomita 1 juu ya miti yenye kivuli si sawa na kilomita 1 juu ya mahindi. Ukiwa na ushahidi kwamba kipepeo wako hukwepa uwazi, zidisha sehemu ya wazi kwa 2 au 3 na ueleze ulichofanya. Bila ushahidi, tumia mstari ulionyooka.

Hatua ya 5: Hesabu zenyewe

Ziko nne. Kwa kila kipande:

Muunganiko, M = jumla ya exp(−α × umbali) × A^b kwa kila kipande jirani kilichokaliwa. A ni hekta za jirani, alama ^ ni kipeo, na exp ni e (2.718) iliyopandishwa kwa kipeo kilicho kwenye mabano. Anza na b ya 0.5, kwa sababu kipande kikubwa hutoa wahamiaji wengi zaidi lakini si kwa uwiano wa eneo. Jirani mtupu hachangii kitu.

Uwezekano wa kuhamiwa kwa mwaka, H = M² ÷ (M² + y²). Hapa y ni kiasi cha M ambacho H hufikia nusu.

Uwezekano wa kutoweka kwa mwaka, T = t ÷ A^x. A hapa ni hekta za kipande chenyewe, t ni uwezekano wa kutoweka kwa kipande cha hekta 1, na x huonyesha uwezekano huo unavyoshuka haraka eneo likiongezeka. Ukizidi 1, uandike 1.

Uwezekano wa kukuta kipande kimekaliwa, K = H ÷ (H + T − H×T). Sehemu ya H×T ndiyo uokozi: wageni wanaofika kabla watu wa mle hawajaisha huwanusuru.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Kipande cha hekta 3 kina majirani watatu: cha hekta 40 kilicho umbali wa kilomita 2, cha hekta 12 umbali wa kilomita 0.8, na cha hekta 1 umbali wa kilomita 0.5. Viwili vya kwanza vimekaliwa, cha tatu kitupu. Tuseme α = 1, b = 0.5, y² = 4, t = 0.4, x = 0.8.

Jirani wa hekta 40 anachangia 0.135 × 6.32 = 0.86. Wa hekta 12 anachangia 0.449 × 3.46 = 1.56. M ni 2.41, na mraba wake 5.82. H = 5.82 ÷ 9.82 = 0.59. Kwa upande wa kutoweka, 3^0.8 ni 2.41 (kulingana na M ni bahati tu), T = 0.4 ÷ 2.41 = 0.17. K inatoka 0.90.

Sasa ufyeke ule wa hekta 12, usiguse mti hata mmoja kwenye hekta 3. M inashuka hadi 0.86, H inakuwa 0.15, T inabaki ileile, na K inaanguka hadi 0.52. Kipande kilichoachwa salama kabisa kimepoteza karibu nusu ya tumaini lake. Tena huu ni mwanzo tu: kikiwa kitupu mara nyingi zaidi, nacho kinaacha kuwapelekea wengine.

Angalia pia kwamba jirani wa hekta 12 aliye karibu alichangia karibu mara mbili ya jirani mkubwa wa mbali. Jambo hili husahaulika ofisini, ambako fedha za ulinzi hupewa msitu mkubwa na vidogo vilivyo njiani vikaachwa.

Hatua ya 6: Pata namba za kipepeo wako

Ukizipanga upya hesabu za juu, logiti ya K, yaani logi asilia ya K ÷ (1 − K), inakuwa: −ln(t × y²) + 2 × ln(M) + x × ln(A). Hiyo ni regresheni ya kawaida ya lojistiki. Katika R weka safu ya 1 na 0 kuwa tokeo, ln(A) kuwa kigezo, na 2 × ln(M) kuwa thamani iliyofungwa (offset) ambayo programu haiikadirii. Mgawo wa ln(A) ni x. Kiwango cha mwanzo (intercept) ni −ln(t × y²). Ongeza idadi ya mimea ya kiwavi kwa hekta kuwa kigezo cha pili; ikionekana ina nguvu kuliko eneo, tumia eneo lililozidishwa kwa ubora badala ya eneo tupu.

Bado t na y² zimeshikana. Zitenganishe kwa kuuliza: kipande cha ukubwa gani hakiwezi kumaliza mwaka kamwe bila wageni? Kikiwa hekta 0.32, basi t ni 0.32^x, ambayo kwa x ya 0.8 inatoa 0.4. Njia bora zaidi ni kukagua miaka miwili mfululizo, ukahesabu vipande vilivyohama kutoka 1 kwenda 0 na kutoka 0 kwenda 1, ukatafuta t na y² zinazotoa idadi ya mabadiliko hayohayo.

Kwa kazi hii tunashauri vipande visivyopungua 30, angalau 10 vikiwa vimekaliwa na 10 vitupu. Taita haina vipande vingi hivyo vya msitu wa asili kwa Cymothoe, na ukilazimisha, programu itakupa namba lakini zitakuwa upepo. Katika hali hiyo usikadirie; chukua x kati ya 0.5 na 1, α kati ya 0.5 na 2, fanya hesabu kwa michanganyiko yote, na utoe jibu kwa mpangilio (kipande kipi ni muhimu kuliko kipi) badala ya miaka. Mpangilio mara nyingi hubaki uleule hata namba zikibadilika, na kwa mwenye kuamua pa kupanda miti hilo linatosha.

Onyo zito: regresheni hii hudhani mtandao umetulia, yaani vifo na uhamiaji vinalingana. Kama msitu ulikatwa miaka 20 iliyopita, huenda vipepeo unaowaona ni mabaki ya enzi ya msitu mkubwa, wanaopungua kimyakimya. Wataalamu huiita hali hiyo deni la kutoweka. Muundo utawaona wamekaa kwenye vipande vidogo na kuamini wanamudu. Tafuta picha za angani za zamani ulinganishe. Kama kukaliwa kwa leo kunaelezwa vizuri zaidi na ukubwa wa msitu wa zamani kuliko wa sasa, deni lipo, na utabiri wako upunguze matumaini.

Hatua ya 7: Igiza miaka 100

Kwa kila mwaka na kila kipande, toa namba ya nasibu kati ya 0 na 1. Kipande kilichokaliwa hutoweka kama namba ni ndogo kuliko T × (1 − H). Kitupu hukaliwa kama namba ni ndogo kuliko H. Hesabu M upya kila mwaka kwa kuwa vipande vilivyokaliwa vimebadilika. Endelea miaka 100, kisha rudia mara 1,000. Sehemu ya marudio ambayo vipande vyote viliishia vitupu ndiyo uwezekano wa kutoweka kabisa.

Usiishie hapo, kwa sababu uigizaji huu unadhani kila kipande kina bahati yake. Mvua haifanyi hivyo. Ukame mmoja hugonga vipande vyote pamoja. Mwaka 2018 ukame uliunguza mimea ya viwavi huko Åland na kipepeo yule aliyedumu kwa miaka yote ya ukaguzi akaporomoka vibaya. Huko California, kwenye kilima cha Jasper Ridge ambako Paul Ehrlich alianza kumfuatilia Euphydryas editha bayensis mwaka 1960, kipepeo huyo alitoweka mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuyumba kwa mvua kulichangia. Kwa hiyo kila mwaka wa uigizaji chukua namba moja ya nasibu ya hali ya hewa, ile ile kwa vipande vyote, na uzidishe nayo maeneo yote kabla ya kukokotoa T na M: mwaka mbaya hekta 10 zinafanya kazi kama hekta 4, mwaka mzuri kama 15. Kiasi cha kuyumba kipate kwenye rekodi za mvua za kituo cha karibu. Uwezekano wa kutoweka utapanda, mara nyingi kwa kiasi kikubwa, na huo ndio wa kuamini.

Ongeza pia shaka kwa vipande vyenye vipepeo wachache mno vilivyotengwa. Utafiti wa Åland uliochapishwa mwaka 1998 ulipima vinasaba vya makundi 42. 7 kati yake yalitoweka, na yale yenye tofauti ndogo za kinasaba ndiyo yaliyokuwa hatarini zaidi, hata baada ya kuzingatia ukubwa na mazingira. Ndugu wakizaana, mayai hupasuka machache na viwavi hufa wengi.

Hatua ya 8: Linganisha mipango

Namba kama "uwezekano wa 0.23 ndani ya miaka 100" haina uzito peke yake. Tofauti kati ya mpango na mpango ndiyo yenye uzito. Igiza hali ya sasa, kisha ukiwa umeondoa kipande kimoja kimoja, kisha ukiwa umeongeza hekta 2 za Rawsonia katikati ya misitu miwili, kisha ukiwa umepanua kipande kikubwa kwa hekta hizo hizo 2.

Kuna njia ya mkato waliyoieleza Hanski na Otso Ovaskainen mwaka 2000. Tengeneza jedwali la mraba lenye vipande vyote kwa safu na kwa mstari. Kila kisanduku kiwe exp(−α × umbali) × A ya kwanza × A ya pili, na sifuri pale kipande kinapokutana na chenyewe. Thamani-eigeni kubwa kuliko zote ya jedwali hilo, ambayo R huitoa kwa amri moja ya eigen, ndiyo uwezo wa mtandao. Ondoa kipande, hesabu tena, andika asilimia iliyopungua. Kwa dakika chache unapata orodha ya vipande kwa umuhimu. Ila kwa mahali kama Taita, ambako Mbololo unaweza kujitegemea kwa miaka mingi, ile sifuri hudharau misitu mikubwa. Hapo amini uigizaji wa hatua ya 7 kuliko mkato huu.

Hatimaye jaribu utabiri wako. Kabla ya msimu unaofuata, andika K ya kila kipande na uiweke mbali. Kagua vyote, vitupu vikiwemo, kisha vipange kwa makundi: vilivyotabiriwa chini ya 0.3, 0.3 hadi 0.7, na zaidi ya 0.7. Katika vipande 10 vyenye wastani wa 0.8, tegemea 8 hivi vikaliwe. Vikikaliwa 4 tu, rudi kwanza kwenye idadi ya ziara, kwani huenda wapo na hukuwaona. Kisha kwenye miche ya mimea ya viwavi. Kisha kwenye α. Eneo na ramani viguse mwisho, maana huko makosa huwa machache.